Mwalimu wa Bando

Mkataba wa shule uliisha Ijumaa.
Jumatatu nilikuwa Ipogolo na begi moja,
kompyuta iliyopasuka pembeni, nimeifunga plasta ya kidonda,
na simu mbili, maana mtandao mmoja ukilala
mwingine huenda ukawa macho.

Shangazi Sikudhani aliuliza: Kazi yenyewe ni ipi?
Kufundisha.
Wapi?
Popote penye mnara.
Akanitazama kama unavyomtazama mtu
aliyekwenda gulioni kununua kivuli.
Kisha akanifungia viazi vya kuchemsha, tena vingi.

Somo la kwanza: gesti ya Makambako, chumba namba nne.
Mwanafunzi: Elis, miaka kumi na mmoja, yuko Malmo, Uswidi.
Mama yake, Enesia, mtu wa Makete,
aliondoka naye akiwa bado tumboni.
Nimetundika kitenge nyuma yangu
kificha kitanda na chandarua;
machoni pa Elis mimi ni mwalimu mwenye ukuta wa maua.
Chini ya meza nimevaa soksi mbili kila mguu.

Mti, nikasema.
Miti, akasema.
Mkate.
Mikate.
Mtu.
Mitu, akasema kwa furaha kubwa,
na lori la mbao likapiga honi barabarani
likafuta masahihisho yangu.

Saa ile moja ilinilipia kitanda, chai na maandazi mawili.
Bando nilikopa.

Njombe nilifundishia dukani kwa Mgaya,
muuza dawa za mifugo, mwenye sola isiyozimika.
Akaingia mteja kuulizia dawa ya kupe.
Elis akasikia, akauliza: Kupe, wingi wake nini?
Kupe vilevile, nikamwambia.
Mgaya, bila kuinua macho kwenye hesabu zake:
Mwambie mmoja tu anatosha.

Mwezi mzima Elis alikuwa na sentensi yake moja.
Aliipiga msasa kila mwisho wa somo:
Shikamoo bibi, mimi ni Elis wa Enesia,
ninakukumbuka.
Hajawahi kumwona.
Niliona kosa lile la maana,
nikaliacha lipite.

Basi la Makete linapanda kama mtu anayebeba gunia,
likipumzika kila kona.
Ngano, pareto, kisha ukungu,
kisha ukungu tu.
Mstari mmoja wa mtandao. Miwili. Hakuna. Mmoja.
Bulongwa nilishuka, nikaulizia kwa Bibi Tweve,
na mtoto mwenye koti la baba yake akanipeleka
bila kuniuliza mimi ni nani.

Bibi alikuwa jikoni, anamenya viazi.
Nikaegesha simu kwenye sufuria iliyofudikizwa.
Elis akaisema sentensi yake yote,
na hakukosea hata silabi.

Bibi akatulia.
Akajifuta mikono, akaisogelea simu,
akamjibu kwa Kikinga,
maneno marefu kama njia ya kuteremka mtoni.
Kiswahili chake ni cha sokoni: bei gani, punguza, chumvi.
Hakitoshi kumpokea mjukuu.

Na mimi, Mhehe wa Kihesa, niliyesomea lugha miaka mitatu,
niliyadaka maneno yake kama kudaka kuku mvuani:
wawili mkononi,
wengine wote uvunguni.

Mwalimu, amesemaje?

Nikamwambia: Subiri.
Ningeweza kubuni. Anakusalimu, anakupenda, soma kwa bidii.
Nani angejua?
Bando lilikuwa limebakiza dakika sita.

Nikafungua daftari, ukurasa usio na kitu.
Nikakaa chini kwenye kigoda, karibu na jiko.
Nikainua kiazi kimoja mbele ya Bibi:
Hiki?

Akatamka neno.
Nikalirudia, kwa sauti, Malmo ikisikia.

Bibi akacheka hadi kisu kikamponyoka,
na kwa kicheko kile nikajua:
nimesema mitu.